Samhain ya Wakelti ilikuwa siku ya ng'ombe na kodi kabla ya kuwa siku ya mizimu. Bisheni kwa ushahidi

#1 Zizi la Kale
Wakuu salaam. Kila Oktoba mabandiko ni yaleyale: Halloween imetokana na Samhain, sikukuu ya mungu wa kifo wa Wakelti, watu wa kale wa Ulaya magharibi. Leo tuchimbe. (Hutamkwa "Sa-win", kwa hiyo msije na "Sam-hein" hapa.)

Hoja yangu ni kwamba Samhain, inayoanza jua likizama tarehe 31 Oktoba na kuendelea 1 Novemba, ilikuwa tarehe ya wafugaji kabla ya kitu kingine chochote. Ayalandi ya kale iligawa mwaka vipande viwili. Bealtaine, 1 Mei, ng'ombe hupandishwa malisho ya milimani, na vijana na wanawake hukaa huko kwenye vibanda wakikamua na kutengeneza siagi. Samhain kila mtu na mnyama wake anashuka. Bondeni nyasi zimekaa miezi sita bila kuliwa, hivyo kuna akiba. Nafaka, yaani oti na shayiri, iko ghalani tayari. Mnyama anayeshuka anapimwa kwa macho: huyu atavuka baridi, huyu hatavuka. Asiyevuka anachinjwa na kutiwa chumvi.

Tarehe hiyohiyo ndiyo ya kodi. Hadi karne ya 19 wapangaji wa mashamba Ayalandi walilipa mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba, na vibarua wa miezi sita walimaliza mkataba siku hizohizo. Mizimu ilikuta siku ina shughuli zake.

Bomoeni.

#2 Mgeni Njia
Kumbe siku ya mizimu ni siku ya mwenye nyumba kugonga mlango. Sasa nimeelewa kwa nini watu walikuwa wanajificha sura.

#3 Mwanadira
Mkuu Zizi, nusu nakuunga mkono, nusu hapana.

Mungu anayeitwa Samhain hayupo, na kosa hilo lina mwenyewe. Charles Vallancey, mhandisi wa jeshi la Uingereza aliyeishi Ayalandi karne ya 18, ndiye aliyeeneza habari za Samhain kama mungu wa wafu. Waandishi wa Marekani walibeba bila kukagua. Katika maandiko ya Kiayalandi cha kale Samhain ni jina la wakati tu, na hadi leo ndilo jina la mwezi wa Novemba kwa Kiayalandi.

Ila kusema mizimu ilipanda baadaye ni kwenda mbali. Hadithi nyingi za zamani tulizonazo zinaweka mambo ya ajabu usiku huo. Nera anatoka nje ya ukumbi wa Cruachan usiku wa Samhain, anaingia pangoni kwenye dunia ya pili, na ili aaminike akirudi anabeba kitunguu saumu pori, ua la primrose na jani la dhahabu la kangaga, vitu vya kiangazi katikati ya baridi. Pango lenyewe lipo, linaitwa Oweynagat, Rathcroghan, kaunti ya Roscommon. Aillén, kiumbe wa dunia ya pili, naye anateketeza Tara, makao ya wafalme, kila Samhain kwa miaka 23, analaza walinzi kwa muziki kisha anatoa moto mdomoni, mpaka shujaa Fionn mac Cumhaill anapomsubiri na mkuki.

Hapo kodi iko wapi?

#4 Zizi la Kale
Mwanadira, kodi iko kwenye karamu. Rudi kwenye hadithi ya kuugua kwa shujaa Cú Chulainn: watu wa Ulster, kaskazini mwa Ayalandi, wanakusanyika uwanda wa Muirthemne siku tatu kabla ya Samhain, siku yenyewe, na siku tatu baada yake. Jumla siku 7 za michezo, masoko, nyama na majigambo. Mkusanyiko kama huo hauitishwi kwa ajili ya mizimu. Unaitishwa wakati nyama ipo nyingi, madeni yanalipika na njia bado hazijawa matope.

#5 Mwanadira
Na katikati ya karamu hiyohiyo wanawake wawili wa dunia ya pili wanamcharaza Cú Chulainn kwa mijeledi mpaka analala mwaka mzima. Umesoma ukurasa wa kwanza ukafunga.

#6 Mgeni Njia
😂 Endeleeni.

#7 Kadinali Mstaafu
Nyote wawili mnategemea maandishi ya watawa. Nakala ya zamani zaidi ya hadithi hiyo ya #4 imo kwenye hati iliyoandikwa karibu mwaka 1100. Ukristo ulikuwa umekaa Ayalandi zaidi ya miaka 600. Kwa hiyo "ya kale" tuiseme kwa sauti ndogo.

Jingine ni uvumi kwamba Kanisa liliweka Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba ili kuimeza Samhain. Tufuate tarehe:

609 au 610: Bonifasi IV anaweka wakfu Pantheon ya Roma, 13 Mei.
731–741: Gregori III anatenga kikanisa cha watakatifu ndani ya Basilika la Petro.
Karibu 800: 1 Novemba inaadhimishwa Uingereza ya kaskazini na kwa Wafaranki.
835: Ludoviko Mcha Mungu, mfalme wa Wafaranki, anaifanya rasmi katika himaya yake.

Sasa sikilizeni. Kalenda ya watakatifu ya Óengus, iliyoandikwa Ayalandi kwenyewe karibu mwaka 800, inaweka sikukuu ya watakatifu wote wa Ulaya tarehe 20 Aprili. Kama lengo lilikuwa kuwameza Wakelti wenye Samhain, mbona Wakelti wenyewe walikuwa wa mwisho kuipokea? Mwanahistoria Ronald Hutton wa Bristol aliijenga hoja hii 1996 na sijaona aliyeibomoa: tarehe ya Novemba ilitoka upande wa Wajerumani.

Kumbukumbu ya marehemu wote, 2 Novemba, ni kazi ya Odilo, abati wa Cluny, mwanzoni mwa milenia ya pili hivi. Wafu wa Novemba wanatoka Burgundy.

#8 Mwanadira
Sikukuu ya Kanisa imetoka kwa Wajerumani, sawa. Lakini hilo halisemi lolote kuhusu Samhain yenyewe ilikuwa nini. Ni milango miwili tofauti, Kadinali.

#9 Shaba 62
Nimesubiri mtu ataje Coligny, naona kimya.

1897, Coligny, mkoa wa Ain, Ufaransa: vilifukuliwa vipande vya bamba la shaba lenye kalenda ya Wagalia (Wakelti wa Ufaransa ya kale), karne ya 2 BK. Miaka 5, miezi 62, miwili kati ya hiyo ni ya kuongeza ili mwezi wa angani ulingane na jua. Miezi ya siku 30 imeandikwa MAT, ya siku 29 ANM. Mwezi mmoja unaitwa SAMONIOS, na siku ya 2 ya nusu yake ya pili (yaani siku ya 17) pameandikwa TRINOX SAMONI SINDIU, ambayo husomwa "usiku tatu za Samonios, leo". Usiku tatu! Linganisheni na siku tatu kabla na tatu baada ya #4. Kwa hiyo kitu kilikuwepo kabla ya mtawa yeyote, bara la Ulaya, na kilikuwa kwenye kalenda rasmi.

#10 Kadinali Mstaafu
Shaba, malizia na sehemu usiyoipenda. Mzizi *samo-* ni kiangazi. Wasomi wengine wanaiweka Samonios mwanzo wa kiangazi, Mei au Juni, na mwezi wa GIAMONIOS, wenye mzizi wa baridi, upande wa pili wa mwaka. Ukienda nao, "usiku tatu" zako zimeangukia kwenye jua kali.

#11 Shaba 62
Naijua. Jibu ni kwamba jina linaweza kutoka kwenye kitu kinachokwisha. Tochmarc Emire, hadithi ya Cú Chulainn kumposa Emer, yenyewe inafafanua Samhain kama mwisho wa kiangazi. Ni ufafanuzi wa watu wa zama za kati, najua, usiniwahi.

Halafu kuna Kaisari, kitabu cha 6 cha vita vya Gallia: Wagalia huhesabu kwa usiku, siku hufuata usiku. Mswahili haoni ajabu hapa, maana usiku wa Ijumaa kwetu ni ule wa kuamkia Ijumaa. Sasa kama siku inaanza na giza, mwaka nao unaanza na nusu ya giza. Ndiyo maana Emer anapomtajia Cú Chulainn misimu minne anaanzia Samhain, ndipo Imbolc (1 Februari), Bealtaine na mwanzo wa vuno.

#12 Bwana Visiwa
Mwaka mpya wa Kikelti? Hiyo nadharia ni ya John Rhys, profesa wa Oxford mwishoni mwa karne ya 19, na aliiokota Kisiwa cha Man, kati ya Uingereza na Ayalandi. Aliambiwa vijana wa huko huzunguka usiku huo wakiimba kwamba leo ni usiku wa mwaka mpya, *Hogunnaa*. James Frazer, mtafiti wa mila, akaichukua, ikawa imani ya dunia nzima. Msingi wake ni wimbo wa kisiwa kimoja chenye urefu wa kilomita 50 na kidogo.

Kwa wasiojua, Man mpaka leo hawasemi Halloween, wanasema Hop-tu-Naa, na watoto hubeba turnipu (mboga ya mzizi wa duara) zilizochongwa.

#13 Shaba 62
Rhys ana wimbo, mimi nina shaba. Usituchanganye.

#14 Nyota Saba
Naongeza la anga. Mtandaoni wanasema Duma na nGiall, kilima cha mateka pale Tara, kimejengwa ili jua la asubuhi ya Samhain na Imbolc liingie ndani, kwa hiyo Samhain ina miaka 5000. Pimeni wenyewe. Njia ya kuingilia ina urefu wa mita 4 na upana wa mita 1 hivi. Njia fupi na pana kiasi hicho inapitisha mwanga wa pembe kubwa, nyuzi 14 kwa hesabu ya haraka, na mwanzoni mwa Novemba sehemu linapochomoza jua huhama kama nusu nyuzi kwa siku, au zaidi kidogo. Maana yake jua linaingia wiki kadhaa. Huwezi kuchagua tarehe moja ukasema ndiyo hiyo. Na waliojenga hawakuwa Wakelti. Lugha za Kikelti zilifika baadaye sana.

Tena Samhain na Imbolc hazilingani kwa jua. Toka 1 Novemba hadi 21 Desemba ni siku 50. Toka 21 Desemba hadi 1 Februari ni 42. Katikati halisi ya sikusare ya Septemba na usiku mrefu wa Desemba ni kama tarehe 7 Novemba.

#15 Bwana Visiwa
Nyota Saba, umesahau kalenda ilibadilishwa. 1 Novemba ya mwaka 800 kwa kalenda ya Juliasi ni 5 Novemba ya sasa. Tofauti yako inapungua.

Na ndiyo sababu kuna Samhain mbili. 1752 Uingereza na Ayalandi walipohamia kalenda ya Gregori waliruka siku 11, lakini ng'ombe na nyasi hawakuruka. Watu waliendelea na Samhain ya zamani, 11 au 12 Novemba. Kisiwani Man mikataba ya mashamba na maonyesho ya kuajiri vibarua yalibaki 12 Novemba. Ayalandi, mkesha wa Mtakatifu Martin, 10 kuamkia 11 Novemba, ilikuwa lazima damu imwagike: jogoo au bata bukini anachinjwa, damu inapakwa kizingitini na pembe nne za nyumba. Mimi naona hiyo ndiyo damu ya Samhain iliyohamia kwa mtakatifu.

#16 Kadinali Mstaafu
Au ni damu ya Martin tu. Mtakatifu Martin ana bata bukini wake hata Ujerumani, ambako hakuna Samhain.

#17 Zizi la Kale
Bwana Visiwa, asante, #15 imenisaidia kuliko ulivyokusudia. Waliofuata tarehe ya zamani walikuwa wenye mifugo na mikataba.

#18 Mkata Nyasi
Nimesoma kimya, ila hoja ya kuchinja kwa wingi ina tundu ambalo wote mmeliruka. Beda, mtawa wa Northumbria, mwaka 731 anaandika kwamba Ayalandi hakuna anayekata nyasi kiangazi kuweka akiba ya baridi, wala anayejenga zizi, kwa kuwa theluji haikai zaidi ya siku tatu. Ng'ombe walilala nje mwaka mzima. Hewa ya bahari huifanya Novemba ya Ayalandi iwe na wastani wa nyuzi 7 hivi, na nyasi huacha kukua udongo unaposhuka chini ya nyuzi 6. Kwa hiyo sehemu nyingi kulikuwa na malisho ya kupitisha kundi, mradi bonde liliachwa kiangazi kizima.

Waliochinjwa ni madume machanga yasiyo na kazi, majike yaliyoacha kuzaa, na nguruwe walionona kwa kokwa za mialoni. Kundi zima halikuguswa. Ng'ombe wa maziwa ndiye utajiri, hata faini kwenye sheria za kale zilihesabiwa kwa ng'ombe wa maziwa.

Kuhusu kwa nini Novemba na si Septemba: ni chumvi. Chumvi inaingia kwenye nyama taratibu kutoka nje kwenda ndani. Siku za joto, nyama ya paja huoza kuanzia mfupani kabla chumvi haijafika, na nje unaiona nzima. Baridi inakupa muda. Maji ya chumvi yalipimwa kwa yai: likizama, ongeza chumvi, likielea, inatosha. Kosa la kawaida ni kufungia nyama ikiwa bado na joto la mnyama. Itundike usiku mzima kwanza.

#19 Zizi la Kale
Mkata Nyasi, hii ndiyo michango. Napunguza neno "kwa wingi", nabaki na tarehe.

#20 Jiko la Mawe
Mnazungumzia nyama, ila meza ya Oíche Shamhna, usiku wenyewe, Ayalandi haina nyama kabisa! Mkesha wa Watakatifu Wote ulikuwa siku ya kujinyima nyama kwa Wakatoliki hadi mikesha mingi ilipofutwa 1955. Ndiyo maana vyakula vyote maarufu ni viazi, kabichi, siagi, tufaha na mkate wa zabibu. Mnaosema Kanisa halikugusa Samhain, liligusa sufuria.

Kolkanoni, ya watu wanne au watano: viazi kilo 1 vya aina ya unga, sukuma wiki ya majani ya kujikunja gramu 250, maziwa ml 150, siagi gramu 80, vitunguu majani vitano. Viazi chemsha na maganda, umenye vikiwa vya moto; ukimenya kabla vinakunywa maji. Mboga chemsha kando dakika chache, kamua kabisa kwa mikono, katakata. Maziwa yachemke pamoja na vitunguu majani. Ponda viazi kwa mwiko au kiponda cha mkono. Ukitia kwenye mashine ya kusagia, wanga unapasuka na unapata gundi ya kubandika bahasha. Changanya, fanya shimo katikati, tia siagi humo. Kila mtu anachota pembeni na kuchovya.

Ndani hufichwa pete (ndoa), sarafu (pesa), kifungo (atabaki kapera) na kastabini ya fundi cherehani (atabaki msichana wa nyumbani).

#21 Mgeni Njia
Na anayemeza?

#22 Jiko la Mawe
Anapata hospitali. Funga kila kitu kwenye karatasi ya kuokea, waambie walaji kabla, na watoto wadogo wape sahani ya pembeni isiyo na kitu.

#23 Kisu Butu
Twende kwenye taa. Boga ni la Amerika, kwa hiyo taa ya boga ni ya wahamiaji waliokwenda huko, hasa baada ya njaa ya viazi ya 1845–1852. Ayalandi, Uskoti na Man walichonga turnipu. Jumba la makumbusho la Turlough Park, kaunti ya Mayo, lina sanamu ya plasta ya taa moja ya turnipu kutoka Fintown, Donegal. Sura yake inatisha kuliko boga lolote la dukani.

Namna ya kuchonga. Chagua ile kubwa ya nyama ya njano, kilo 1 hadi 1.5, iliyo duara na isiyo na nyufa. Kata kitako kidogo isimame. Kata kifuniko sentimita 2 au 3 kutoka juu. Nyama yake ni ngumu kama ubao, kwa hiyo usichimbe na kijiko moja kwa moja: chora mistari ya msalaba-msalaba kwa kisu kwa kina, au toboa matundu mengi kwa drili ya milimita 10, ndipo kijiko cha chuma kitoe vipande. Acha ukuta wa sentimita 1. Ukiwa mnene zaidi mwanga haupiti, ukiwa mwembamba zaidi unapasuka kwenye meno ya sura. Kifuniko kiwe na tundu la moshi, la sivyo mshumaa unazimika kwa kukosa hewa. Usiichemshe kwanza ili ilainike, itaporomoka usiku huohuo.

Ndani ya nyumba yenye joto hunywea baada ya siku mbili tatu, sura inakuwa ya kizee. Nje kwenye baridi inakaa wiki. Harufu ya kifuniko kikiungua ni ya kabichi iliyoungua, hakuna dawa.

#24 Mwanadira
Kisu Butu, ongeza kwamba turnipu ile ya njano ilienea visiwa vile karne ya 18. Ya kabla yake ni turnipu nyeupe, ndogo. Wanaochora druidi (kuhani wa Wakelti) na taa ya njano mkononi wanachora mambo ya juzi.

#25 Mgeni Njia
Druidi ananyang'anywa kila kitu humu. Mungu hana, mwaka mpya hana, taa hana. Atabaki na nini?

#26 Mwanadira
Moto, pengine. Geoffrey Keating, padri na mwanahistoria wa karne ya 17, anaandika kwamba usiku wa Samhain madruidi waliwasha moto Tlachtga, kilima kilicho karibu na Athboy, kaunti ya Meath, na moto wote wa Ayalandi ulizimwa uwashwe upya kutoka hapo. University College Dublin (UCD) walianza kuchimba kilima hicho 2014 na kukuta matumizi ya tangu mwisho wa Zama za Shaba.

#27 Mkata Nyasi
Keating yuko karne nyingi baada ya druidi wa mwisho. Na tufanye hesabu ya miguu: Tlachtga hadi Tara ni kilomita 19 hivi, saa nne za mwendo wa haraka gizani. Kaa la mboji kavu ya bwawani likifunikwa majivu ndani ya chungu linafika likiwa hai, halina shida. Lakini Kerry au Donegal ni mwendo wa siku nyingi. "Ayalandi nzima" hapo ni ya kisiasa: mfalme wa Tara anajitangaza.

Na moto wa jikoni haukuwa kitu cha kuzimwa ovyo. Kila usiku makaa yalifunikwa majivu ili yaamke asubuhi. Kuuzima kwa makusudi ni kukubali nyumba ya baridi mpaka moto ufike.

#28 Bwana Visiwa
Kuna wanaosema ng'ombe walipitishwa kati ya mioto miwili siku ya Samhain. Maandishi ya zamani, kamusi ya Cormac, yanaiweka desturi hiyo Bealtaine. Mkiiona kwenye Samhain, muulizeni mwandishi ameitoa wapi.

Cha Novemba kilichoandikwa na walioshuhudia ni mawe. Wales ya kaskazini na Perthshire, Uskoti: moto mkubwa unawashwa, kila mtu anaweka jiwe lake jeupe au lenye alama majivuni. Asubuhi wanarudi kuhesabu. Jiwe lililopotea au kusogea, mwenyewe hamalizi mwaka. Wales, moto ukififia, wote wanakimbia nyumbani wakipiga kelele kwamba wa mwisho achukuliwe na Hwch Ddu Gwta, nguruwe jike mweusi asiye na mkia.

#29 Nyota Saba
Mawe ya mtoni yana maji ndani, yakipata moto hupasuka vipande. Kwa hiyo aliyeokota jiwe lake mtoni alikuwa na nafasi kubwa ya kufa. Wa mlimani alipona.

#30 Mgeni Njia
😂😂 Sayansi imemuua mtu.

#31 Jiko la Mawe
Kokwa za heizeli nazo ni hivyohivyo. Shairi la Mskoti Robert Burns la 1785 linaeleza: kokwa mbili kwenye makaa, moja mvulana, moja msichana. Zikiungua kimya pamoja, ndoa. Moja ikiruka, basi tena. Inayoruka ni yenye unyevu, mvuke unatafuta pa kutokea ndani ya ganda. Kokwa za msimu huuhuu huruka, za mwaka jana hutulia. Mama mkwe mwenye akili alijua achague zipi.

Na kabichi: unang'oa shina ukiwa umefumba macho. Refu na limenyooka, mchumba naye vivyo hivyo. Udongo uliobaki mizizini ndio mahari. Sasa kama mvua imenyesha, kila mtu anaolewa na tajiri.

#32 Kadinali Mstaafu
Turudi kwenye hoja. Mashina ya kabichi, mawe, kokwa, yote yameandikwa karne ya 18 na 19 na watu Wakristo. Hayathibitishi chochote kuhusu Wakelti wa kabla ya Kristo. Yanathibitisha kwamba usiku mrefu huzaa michezo.

#33 Shaba 62
Na mimi narudi palepale: TRINOX SAMONI. Mpaka mtu anionyeshe kwa miezi ya ziada ya bamba kwamba Samonios haiwezi kuangukia Oktoba–Novemba, sihami.

#34 Kadinali Mstaafu
Na wewe uonyeshe kwamba lazima iangukie hapo. Bamba halitaji hata msimu mmoja kwa uwazi.

#35 Mkata Nyasi
Huku mkibishana: kuna katazo la kuchuma matunda ya miiba baada ya Samhain kwa sababu púca, zimwi la Kiayalandi, ameyatemea mate. Baada ya baridi ya kwanza matunda hayo yamejaa maji, ukungu na mabuu. Púca ni afisa afya.

#36 Mwanadira
Kila kitu kwako kina sababu ya shambani. Nera alirudi na kangaga la dhahabu, nipe sababu ya shambani.

#37 Mkata Nyasi
Kangaga hugeuka rangi ya dhahabu na kahawia Oktoba. Hilo hakulitoa dunia ya pili, lilikuwa njiani.

#38 Mwanadira
Na primrose? Inachanua kuanzia mwisho wa baridi.

#39 Mkata Nyasi
Hiyo nakuachia.

#40 Kusini Kabisa
Wadau, naulizia: wapagani wa kisasa walioko Australia wanaifanya lini?

#41 Nyota Saba
Wengi wanaigeuza, 30 Aprili hadi 1 Mei, maana ndiko baridi inakoanzia kwao. Wachache hubaki Oktoba 31 kwa sababu dunia nzima iko nao. Na kuna wanaofuata jua kamili, nyuzi 225 za njia yake ya mwaka angani, ambayo kaskazini huangukia tarehe 7 Novemba hivi. Upande wenu mtafute nyuzi 45, mapema Mei.

#42 Zizi la Kale
Hapo ndipo hoja yangu inapokaa, Kusini. Tarehe ikihamishwa kufuata nyasi inabaki na maana, ikifuata mizimu inaweza kukaa popote.

#43 Mwanadira
Nani kakwambia wanafuata nyasi? Wengi wao wanakaa Melbourne ghorofa ya nane.

#44 Kisu Butu
Jiko la Mawe, kabla uzi haujafungwa, weka na mkate wa zabibu. Uliahidi kwa kichwa tu.

#45 Jiko la Mawe
Sikuahidi, ila haya. Bairín breac ya chai: zabibu kavu mchanganyiko gramu 350, chai ya rangi kali ya moto ml 300, sukari ya kahawia gramu 125. Loweka usiku kucha, funika. Asubuhi yai 1, unga wa ngano gramu 250, beking pauda vijiko 2 vya chai, mdalasini na viungo kijiko 1. Chai iwe imepoa kabisa, vinginevyo yai linaiva kabla ya kuingia jikoni. Koroga mpaka unga upotee, uishie hapo; ukizidisha mkate unakuwa mgumu. Chombo cha mkate cha gramu 900, nyuzi 160, saa 1 na robo. Juu ikipasuka na katikati ikabaki mbichi, moto ulikuwa mkali: funika kwa foili, shusha nyuzi 10. Usikate siku hiyo, utamomonyoka. Siku ya pili unakatika vizuri, na siagi juu.

Ya zamani hutumia hamira badala ya beking pauda, na huumuka mara mbili. Ni mkate mwingine kabisa, wenye mabishano yake.

#46 Bwana Visiwa
Mabishano ya wapi tena? Kisiwani Man tunao wetu, *bonnag*, na hauna pete ndani.